"Paleee" ya Lushoto na usiku wa Ijumaa wa Unguja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kwenu, 'hapo tu' ni umbali gani?" Mimi nimeishi pande ambazo hazielewani kabisa kwa jambo hili, basi nivumilieni.

Nimezaliwa Ng'ambo, mjini Unguja. Jina lenyewe ni kipimo: zamani mkondo wa maji ya bahari ulitenga Mji Mkongwe na sisi wa upande wa pili. Mkondo ulishafukiwa, leo pana barabara tu ya kuvuka, na bado sisi ni watu wa ng'ambo. Kisiwa chote, Nungwi hadi Makunduchi, hakifiki kilomita 100. Lakini bibi yangu akitaka kwenda Makunduchi alikuwa anaaga mtaa mzima, anafungasha mikate ya kumimina na chupa ya chai, na sisi tukiulizwa aliko tunajibu "kaenda shamba", kama vile kapanda jahazi la Maskati.

Kisha nikapata kazi ya ualimu milimani Lushoto. Wiki ya kwanza nikatumwa kwa mzazi wa mwanafunzi mmoja. Njiani nikamkuta bibi kasimama na mwenzake wanazungumza, mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi. Kwa mzee huyu ni mbali?"

"Marahaba, mwalimu. Wala si mbali. Hapo tu."

Mikono yote imeshika kuni, kwa hiyo alielekeza kwa mdomo. Midomo ikachongoka kuelekea bondeni, akaongeza, "Paleee."

Wakati huo sikujua kwamba zile e zinahesabiwa. "Pale" unapaona. "Palee" utatokwa jasho. "Paleee", tena sauti ikipanda mpaka inakaribia kukatika, ina mabonde mawili ndani yake. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Saa moja na nusu baadaye nimekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, nikasikia nyayo nyuma yangu. Yule yule bibi, kuni zile zile, wala hahemi.

"Bado hujafika tu, mwalimu?"

Hakuwa amenidanganya. Alipima kwa miguu yake, mimi nikaenda kwa yangu.

Dar es Salaam nilikohamia baadaye, umbali hawautaji kabisa. Uliza Mbagala hadi Tegeta ni mbali kiasi gani, utaambiwa "magari mawili". Uliza utatumia muda gani, jibu litaanza na "kama hakuna foleni", na hiyo "kama" mimi sijawahi kupanda nayo daladala.

Kwenye muda, nakiri, wa kulaumiwa ni sisi Waunguja. Saa yetu ni adhana. "Tuonane baada ya laasiri" ni miadi kamili, na kwa kuwa tuko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, jua halibadili sana ratiba yake mwaka mzima. Kazi iko kwenye usiku. Kwetu siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Watangazaji wa redio huwa wanajiokoa kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mimi sikujiokoa.

Mdogo wangu alipokuwa anaoa, nilimpigia simu rafiki yangu wa Tabora, mtu ambaye Nzega kwake ni "hapa hapa", na ni zaidi ya kilomita 100. Nikamwambia nikaha inasomwa usiku wa Ijumaa, baada ya isha. Akapanda basi, akapanda boti, akafika Ijumaa jioni na suti yake, zawadi kwapani, akatukuta tunarudisha masufuria ya kuazima.

Tukamkalisha barazani, tukamletea kahawa na halua iliyobaki.

"Kaka, si ulisema Ijumaa usiku?"

"Nilisema usiku wa Ijumaa."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kipande cha pili cha halua.

Mwaka jana nilimwalika kwenye akika ya mwanangu. Safari hii nikamwandikia tarehe, kwa tarakimu, mwezi na mwaka. Akaja siku moja kabla.

"Najua mambo yenu," akasema, akavua viatu.