Maswali na majibu: injini, giaboksi na ekseli za malori ya zamani ya jeshi

Karibu maswali yote ya safari hii yana shina moja: lori kuukuu la jeshi libadilishwe liende na wakati, au litunzwe lilivyotoka kiwandani? Tuseme msimamo wetu mapema. Badiliko linalofungwa kwa bolti na kufunguliwa kwa spana tunalikubali. Linalotaka chasisi ikatwe kwa moto tunalipinga mpaka njia nyingine zote ziishe.

Nina GMC CCKW, lori la jeshi la Marekani, ya mwaka 1943. Bloku ina ufa ubavuni, maji yanatoka. Fundi anasema injini nitupe, niweke ya dizeli. Nimsikilize?

Usiitupe. CCKW zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945, na injini yake ya inchi za ujazo 270, yaani lita 4.4, iliendelea kutumika kwenye malori ya kiraia baada ya vita. Ndiyo maana vipuri vyake bado hupatikana kuliko vya malori mengi ya rika lake.

Ufa wa ubavuni kwenye njia ya maji mara nyingi husababishwa na maji yaliyoganda kwa baridi, nao hutibika kwa kushonwa bila moto. Kwangua rangi na kutu hadi chuma kitupu, kisha paka ile dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa na poda yake nyeupe, maana ufa huwa mrefu kuliko jicho linavyouona. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Kisha panga vizibo vyenye hesi kufuata ufa wote, kila kimoja kikila sehemu ya kilichotangulia ili pasibaki nafasi kati yao. Ukimaliza, ziba njia zote za maji ujaribu bloku kwa maji ya moto yenye shinikizo la bar 2 hadi 3. Maji baridi hayatoshi, kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka chuma kikipata joto tu.

Kuchomelea ndiko kunakoua bloku hizi. Chuma cha kusubu kikipashwa moto mahali pamoja hutanuka pale tu, na kikipoa hupasuka kando ya weldi. Anayejua kazi hiyo hupasha bloku nzima kwanza, kisha huiacha ipoe polepole sana. Kama fundi wako hana tanuri, asiiguse.

Ufa ukiwa umeingia kwenye ukuta wa silinda au kwenye vikalio vya beringi kuu, hesabu inabadilika. Hapo tafuta 270 nyingine kabla ya kufikiria dizeli. Na ukiamua dizeli, kumbuka breki: CCKW husaidiwa na Hydrovac (kisaidizi cha breki kinachotumia vakyumu), na Hydrovac huishi kwa vakyumu ya manifoldi ya petroli. Dizeli haina vakyumu hiyo. Bila pampu ya vakyumu, tangi dogo la akiba na vali ya kuzuia isirudi nyuma, utakuwa na lori la tani nyingi na pedali ngumu kama jiwe. Wengi hugundua hilo wakiwa mteremkoni.

Dodge M37 yangu, gari dogo la mizigo la jeshi la Marekani, inalia sana nikifika kilomita 80 kwa saa. Nafikiria kuweka Cummins 4BT, injini ya dizeli ya silinda nne. Ushauri?

Tuanze na kwa nini inalia. Uwiano wa difu (gia za katikati ya ekseli) ni 5.83, gia ya nne ni ya moja kwa moja, na tairi ya 9.00-16 husafiri kama mita 2.75 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, unakwenda kilomita 79 kwa saa. Injini haina tatizo. Imefungiwa gia za kupanda vilima na kukokota, nawe unaitaka ikimbie.

Sasa tuipige hesabu hiyo 4BT. Injini ya asili ya inchi za ujazo 230 hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 240. Gia ya kwanza ni 6.40, gia nzito ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) ni 1.96, difu 5.83. Zidisha zote: kila Nm moja inayotoka injini inakuwa 73 kwenye ekseli. Yaani 17,500 hivi kwa injini ya asili. 4BT ya nguvu-farasi 105 hutoa karibu Nm 359, nazo zinakuwa zaidi ya 26,000. Kwenye tope tairi itazunguka bure na kuokoa kila kitu. Kwenye mwamba mkavu, gari likiwa limepakia, tairi haitelezi, na kinachokatika ni vijiti vya ekseli au jointi za mbele. Ukivibadilisha hivyo, udhaifu unahamia kwenye krosi za propela (jointi za shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), kisha kwenye transfa. Mnyororo huo tumewaona wengi wakiufuata hadi gari likabaki na bodi ya M37 na chini hamna kitu chake hata kimoja.

Kuna na mtikisiko. Silinda nne kubwa za dizeli hutuma mapigo mazito kwenye giaboksi iliyozoea silinda sita laini za petroli. Sahani ya klachi isiyo na springi za kupokea mapigo itamega meno ya gia bila wewe kukosea lolote.

Ushauri wetu ni kubadilisha uwiano wa difu tu. Seti za kroni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu) za 4.89 zilizokuwa kwenye Power Wagon ya kiraia huingia kwenye M37. Kwa kilomita zilezile 79, injini inashuka hadi mizunguko 2,350 hivi. Unabadilisha mbele na nyuma kwa pamoja, kamwe si upande mmoja, kwa sababu ukiwasha ekseli ya mbele ilhali uwiano umetofautiana, transfa itapasuka. Kroni na pinioni huwa ni jozi zilizosagwa pamoja, kwa hiyo linganisha namba zake kabla ya kununua, na ukikuta zimechanganywa ziache. Wakati wa kufunga, rekebisha mkazo wa beringi za pinioni, kina cha pinioni na nafasi kati ya meno. Kwa difu za ukubwa huu nafasi hiyo mara nyingi huwa kati ya milimita 0.15 na 0.30, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Paka rangi kwenye meno, zungusha ukiwa umeikaza kroni kidogo kwa mkono, uone alama inakaa katikati ya jino. Ikikaa kwenye ncha au kwenye shina, difu itaimba, na baadaye itakula meno yake.

Utapoteza asilimia 16 ya nguvu ya kupanda. Kwa gari lisilobeba mzigo wa vita tena, hasara hiyo inavumilika. Za asili paka grisi, zifunge kwenye karatasi ya mafuta, weka ndani ya sanduku lililoandikwa namba ya gari. Na kumbuka breki zile ni za ngoma, zenye mzunguko mmoja wa mafuta na bila kisaidizi chochote. Gari likiweza kukimbia zaidi, breki hazibadiliki. Lainingi, silinda za magurudumu na mipira vyote viwe vipya kwanza.

Nina M35A2, lori la jeshi la Marekani. Tangu nibadilishe tairi za mbele, stelingi imekuwa nzito kwenye lami na tairi hizo zinalika haraka. Nimekagua stelingi nzima, sioni kosa.

Kosa halipo kwenye stelingi. M35A2 nyingi zina transfa inayounga ekseli ya mbele yenyewe kwa klachi ya upande mmoja, bila dereva kugusa kitu. Mpango wake ni kwamba barabarani magurudumu ya mbele yawe yanazunguka kwa kasi inayoitangulia transfa kidogo, kwa hiyo klachi inateleza bure. Ya nyuma yakiserereka, transfa inaifikia kasi ya mbele, klachi inashika, na mbele inavuta.

Tairi mpya za mbele zikiwa kubwa kuliko za nyuma zilizolika, magurudumu ya mbele yanazunguka polepole zaidi. Tofauti ile ndogo inaisha, klachi inashika muda wote, na lori linatembea kwenye lami likiwa limejifunga mbele na nyuma. Pima hivi: jaza upepo sawasawa, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mizunguko kumi ya gurudumu la mbele, pima urefu. Rudia kwa la nyuma. Usipime kwa futikamba kuzunguka tairi, maana tairi iliyobeba uzito hukaa fupi kuliko iliyo hewani. Tairi kubwa zaidi zihamie nyuma, na zinazokaa pamoja kwenye gurudumu pacha ziwe zimelingana.

Tatizo likibaki, kagua fimbo inayounganisha giaboksi na transfa. Kazi yake ni kugeuza klachi hiyo ukiweka gia ya nyuma. Ikikwama au ikirekebishwa vibaya, klachi inabaki imegeukia nyuma nawe unakwenda mbele, na hapo inashika daima. Simamisha lori kabisa kabla ya kuingiza gia ya nyuma, na kabla ya kutoka kwenye gia hiyo. Kama lori limejifunga, rudi nyuma mita chache polepole ulilegeze. Ipo pia transfa ya baadaye, ile inayounga mbele kwa upepo ukivuta swichi, na inaweza kukaa mahali pa hii. Ni badiliko linalorudishika, hatuna ugomvi nalo.

Niweke oili gani kwenye giaboksi? Duka linauza oili ya gia ya daraja la GL-5 tu.

Angalia kuna nini ndani. GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu yanayosuguana kwa shinikizo kubwa. Dawa hiyo, ikiwa kali na ikipata joto, hula shaba. Giaboksi yenye sinkro (pete zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) au bushi za shaba ipe GL-4 au oili ya madini isiyo na dawa hizo, uzito ule kitabu kinaotaja. Kama huna budi kutumia GL-5, omba karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, utafute kipimo cha kuliwa kwa shaba: 1a au 1b ni salama.

Mwenye Unimog 404 asisahau kwamba kila kitovu cha gurudumu kina gia zake na oili yake, mbali na ya difu. Tumeona difu imejaa vizuri na kitovu kikavu.

Nimefunga habu za kufungua kwa mkono (vitovu vinavyotenga gurudumu na ekseli) kwenye ekseli ya mbele, nipunguze mafuta. Kuna ubaya?

Kidogo, na upo mahali watu hawatazami. Transfa nyingi za kijeshi hukataa kuingia gia nzito mpaka ekseli ya mbele iwe imeungwa. Kizuizi hicho kiliwekwa ili nguvu iliyozidishwa igawanywe kwa ekseli zote. Habu zikiwa wazi, kizuizi kinaona mbele imeungwa kumbe hakuna kinachovutwa, na mzigo wote unaangukia nyuma. Kwa hiyo gia nzito, habu zifungwe kwanza. Pia zifunge uendeshe kilomita chache kila mwezi kwenye njia ya changarawe, oili na grisi zifike juu kwenye beringi na jointi zilizokauka.

Giaboksi inakwaruza kila nikiingiza gia. Nitafute ya kisasa yenye sinkro?

Kwanza jua kama kosa ni la giaboksi. Injini ikizunguka taratibu, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi kumi, ingiza gia ya nyuma. Ikikwaruza bado, klachi haiachii: uchezaji wa pedali umezidi, sahani imepinda, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili imekamata. Ikiingia kimya, kinachokosekana ni kukanyaga klachi mara mbili (ya kwanza kutoa gia, ya pili kuingiza nyingine), na hilo hujifunzwa kwa siku chache. Ukifungua klachi ya zamani, chukulia lainingi ina asbesto: usipulize vumbi kwa upepo, lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Baada ya kusogeza transfa nyuma sentimita kadhaa kuna mtetemo kwenye kilomita 60. Propela imebalansiwa.

Pima pembe. Weka kipima pembe kwenye uso wa flenji ya transfa, kwenye bomba la propela, kisha kwenye flenji ya difu. Pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zisitofautiane zaidi ya digrii 1, na kila moja isipungue nusu digrii, kwani krosi iliyonyooka kabisa haizungushi sindano za beringi zake na huchimba mashimo. Halafu tazama uma za ncha mbili: lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Mtu akiichomoa sehemu inayoteleza bila kuweka alama, akairudisha jino moja pembeni, mtetemo ni huo huo, na hakuna kubalansi kutakakouondoa.

Nimeshaitoa injini ya asili. Naihifadhije?

Toa maji yote, fungua na vizibo vya chini ya bloku. Mwaga oili ya zamani, tia mpya, ingiza mililita 15 za oili kwenye kila tundu la plagi, zungusha kwa mkono mizunguko michache, rudisha plagi. Ziba manifoldi, pampu na kaburata kwa vifuniko vya mbao au chuma. Kitambaa hunyonya unyevu, na panya hukipenda. Ondoa klachi, isije ikagandia flaiwili. Isimamishe kwenye fremu inayoshika masikio ya mauntini, isikalie sampu. Kila mwezi izungushe mara mbili na robo, ili isisimame palepale. Bolti, brakti na kibati cha namba vifunge pamoja nayo ndani ya sanduku moja.