Tunataka kumwekea mama skolashipu, tuanzie wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni wa pili kati ya watoto watano, kwetu Tanga. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, arobaini tumesoma mwezi uliopita. Alitulea mwenyewe tangu mdogo wetu wa mwisho yuko tumboni, baba aliondoka akaoa kwingine ndo ikawa basi, mama asubuhi anauza vitumbua na chai pale mlangoni, jioni mihogo ya kukaanga, na wote watano tumesoma, wawili mpaka chuo. Rambirambi zilizobaki baada ya kutoa gharama zote ni 3,400,000. Kaka mkubwa anataka tumjengee mama kaburi zuri la marumaru, sisi wengine tunaona hela iwe skolashipu ya jina lake, kwa watoto wanaolelewa na mzazi mmoja kama tulivyolelewa sisi. Sasa hii ni hela ya kuita skolashipu kweli? Tunasajili wapi, na watoto wenyewe tunawapataje bila kudanganywa?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, Mungu amrehemu mama. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama hapo kwenye mihogo ya jioni, manake na mimi nimelelewa na mama peke yake, wa kwetu alikuwa anauza mkaa kwa kopo. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Hela inatosha, ila siyo kwa kile ambacho wengi wanakifikiria wakisikia skolashipu. Wengi wanafikiria ada. Ada kwenye shule za serikali imeshaondoka, tangu Januari 2016 mpaka kidato cha 4 hailipwi, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha 5 na 6 nao wakafutiwa. Na hata ilipokuwepo, sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000. Siyo kwamba ilikuwa ndogo kwa mama zetu, hapana, ila kinachomrudisha mtoto nyumbani mara nyingi ni vile vitu vingine ambavyo haviitwi ada.

Mtoto akichaguliwa kwenda kidato cha 5 anapata fomu ya kujiunga. Ile fomu ya kwangu naikumbuka mpaka leo. Mama hajui kusoma vizuri, akaniambia nisome moja moja afu yeye anahesabu kwa vidole: godoro, shuka mbili za rangi waliyotaja, chandarua, ndoo yenye mfuniko, tranka na kufuli lake, fyekeo, jembe, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba, sketi mbili, sweta, na hela ya tahadhari. Vidole vikaisha, akarudia mkono wa kwanza. Akaikunja ile karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya mkaa, ikakaa humo wiki mbili, kila akifungua kutoa chenji naiona. Nilienda shule siku 19 baada ya wenzangu, na godoro nimelipata kwa jirani. Darasani wameshamaliza mada ya kwanza ya fizikia na mimi ndo kwanza naulizia bweni. Kwenye nyumba ya wazazi wawili pengine mmoja anakopa kazini na mwingine anacheza mchezo wa kupeana hela, mambo yanaenda, lakini kwa mzazi mmoja siku ya kuzunguka dukani kutafuta fyekeo ni siku ambayo meza ya vitumbua haijawekwa, kwa hiyo hasara ni mbili kwa mpigo.

Chuo ndo hivyohivyo. Watu wanasema si kuna mkopo, ni kweli, Bodi ya Mikopo ipo, sheria yake ni ya 2004 na kazi ilianza Julai 2005, na boom, yaani hela ya chakula na malazi, limeshapandishwa mpaka 10,000 kwa siku. Ila kabla mkopo haujaingia kuna mlima mzima. Kuomba tu kwa miaka mingi imekuwa ni 30,000 hairudi, kuna kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kuna steshenari ya kuskani, kuna nauli ya kufuata mihuri, na wengine dirisha la maombi linafunguliwa wako JKT, kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo anayehangaika ni mama na simu ya kitochi. Akishapata chuo kuna nauli kutoka kwenu mpaka Dodoma au Mbeya, na zile wiki za mwanzo ambazo boom halijasoma kwenye akaunti na tumbo halijui habari za akaunti. Wanafunzi wanakula mlo mmoja hapo, na wanaoumia zaidi ni wale ambao nyumbani hakuna mtu wa pili wa kumpigia simu.

Sasa piga hesabu na mimi. Hiyo 3,400,000 yenu ingelipia fomu za mkopo 113 na chenji ikabaki. Sisemi mkafanye hivyo, nataka muone tu kwamba hela ambayo kwa chuo kimoja cha binafsi ingeisha mara moja, ikiwekwa kwenye hizi nyufa inabeba watu wengi. Ushauri wangu mimi, msiigawe kama sahani za hitima kila mtu kijiko. Anzeni na watoto wawili au watatu, mumchukue mtoto kuanzia fomu ya kujiunga mpaka amalize kidato cha 6, kila muhula mnajua nauli yake ni kiasi gani na anahitaji nini, mumjue kwa jina na yeye awajue. Na nyie watano mkiweka kila mmoja 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,200,000, kwa hiyo mfuko unaongezewa huku unatumika. Ndo itakuwa sadaka jaria ya kweli kwa mama, inaendelea kumfikia.

Mifuko mikubwa ya kumbukumbu ipo na inafaa kuangaliwa. Benki Kuu ilianzisha mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere 2009, miaka 10 baada ya kufariki kwake, unasomesha wanafunzi wa chuo wanaofanya vizuri, na mkazo mkubwa ni wasichana wa hisabati na sayansi. Ni kitu kizuri sana ila unaona kigezo chake, ni ufaulu kwanza. Jirani zetu Kenya kuna ufadhili wa Wings to Fly wa benki ya Equity na Mastercard Foundation, wale wanatafuta watoto wenye akili wa familia zenye shida, na kitu ambacho mimi nakipenda kwao ni viwili. Cha kwanza hawalipi ada wakaishia hapo, wanaweka sare, vitabu, vifaa, nauli na hela ya mfukoni. Cha pili, kwenye kuchagua kuna kamati za watu wa eneo lenyewe na wanafika mpaka nyumbani kwa mtoto. Hilo la pili liibeni kama lilivyo.

Kwa hiyo la kudanganywa ndo hilo, nendeni nyumbani. Anza na mwalimu wa malezi au matroni, hao wanajua nani anasinzia kipindi cha kwanza kwa sababu kaamka saa tisa kumsaidia mama. Ongea na balozi wa nyumba kumi, na mwenyekiti wa mtaa. Afu nenda siku ya kawaida bila kutoa taarifa ndefu, kaa kwenye kigoda, kunywa chai. Wewe umekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, huhitaji fomu ya kurasa 12 kuitambua.

Msidai cheti cha kifo, hapa nakuomba sana. Kuna mifuko ikisema mzazi mmoja inamaanisha mzazi aliyefiwa, ina maana nyie wenyewe watano msingepata, baba yenu si alikuwa hai? Mjane ana karatasi, aliyetelekezwa hana karatasi yoyote. Wapokeeni wote wawili. Na yule binti aliyezaa akiwa shuleni akaacha, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi, huyo naye ni mzazi mmoja, na pengine kalelewa na mzazi mmoja, ila kurudi kunataka mtu wa kukaa na mtoto na hela ya maziwa, mfuko gani unalipia maziwa? Wenu unaweza. VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, pia msiisahau, kuna mtoto hesabu zimemkataa lakini mpe cherehani au waya za umeme uone.

Halafu naomba hili mlisikie kutoka moyoni. Nikiwa kidato cha 3 kuna kikundi kilikuja shuleni kwetu kugawa madaftari na nauli ya muhula. Mstarini, shule nzima imesimama, mtu akatangaza "wasio na baba waje mbele." Nilitoka. Tulipangwa na madaftari kifuani, tukapigwa picha, afu kila mmoja akaambiwa aseme baba yake yuko wapi. Mimi nilisema amesafiri. Niliangalia chini muda wote, kiatu changu cha kulia kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje, na nikawa najitahidi kukificha nyuma ya kiatu cha kushoto. Rafiki yangu wa karibu alikuwa na hali kama yangu, hakutoka, akaniambia bora niendelee kutembea, na kweli akaendelea kutembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Yale madaftari nimeyatumia, nimefaulu nayo, na bado nikiyakumbuka uso unanichoma. Kwa hiyo nyie mpelekeeni mama yake mkononi, hakuna picha wala hotuba, na jina la mama yenu mliandike ndani ya jalada la kitabu ambapo mtoto ataliona peke yake.

Kuhusu kusajili, mwanzoni hamhitaji mambo makubwa. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye sahihi tatu, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano, nani anachagua, nani anatunza, hesabu zinasomwa lini, afu wote watano msaini. Mkiona mmeanza kupokea hela za watu wengine nje ya familia, hapo nendeni RITA mkasajili bodi ya wadhamini kwa Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura 318, mfuko uwe na uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake na isiwe mali ya yeyote kati yenu. Ndugu wengi wamegombana kwa kuchanganya hela ya marehemu na akaunti ya mtu mmoja, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Kaka mkubwa msimpige kura mkamshinda. Naye anamlilia mama, kwa namna yake. Mpelekeni kwa sheikh mnayemwamini azungumze nanyi kuhusu makaburi ya kifahari, afu mpeni yeye uenyekiti wa mfuko, na mtoto wa kwanza mtakayemchagua akamtembelee yeye.

SWALI: Shangazi, mimi ni mama wa Mwanza, binti yangu kamaliza form six na anataka kuomba mkopo na ufadhili mwingine. Baba yake simjui alipo, mwaka wa 14 huu. Kuna kijana wa steshenari kaniambia niandike tu amekufa, atanitafutia cheti. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usifanye hivyo, hata kama una hasira na huyo baba. Vyeti vya vifo vinahakikiwa RITA, kikionekana cha kughushi anayebeba kosa ni binti yako, na maombi yake yanaharibika kwa sababu ya kijana wa steshenari ambaye hutamwona tena. Sema ukweli ulivyo na uupe karatasi. Nenda serikali ya mtaa wanaokufahamu wakuandikie barua kwamba unalea mwenyewe, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri kama uliwahi kushtaki suala la matunzo uchukue nakala ya jalada, na kula kiapo kwa wakili au mahakamani kueleza tangu lini huyo bwana hajulikani alipo. Mwongozo wa Bodi hutoka upya kila mwaka, usome wa mwaka huu kuona wanataka kipi kati ya hivyo kiambatishwe, na binti ajaze mwenyewe ukiwa pembeni yake, majina yafanane herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa na cha form four. Herufi moja tu ikipishana itakurudisha dirishani mara tatu.

Na ufadhili mwingine muombe huku mkopo unaendelea, usisubiri kimoja kikatae ndo uanze kingine.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nalelewa na mama ila baba anatuma 50,000 kila sikukuu ya Idi. Nikiomba skolashipu ya watoto wa mzazi mmoja nitakuwa nimedanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujadanganya. Andika hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, kwamba mama ndo anakulisha, anakuvalisha na anakuamsha asubuhi, na kwamba baba anatuma 50,000 kwa Idi. Anayesoma fomu anajua mwaka una siku ngapi.