Kwa dada aliyeuliza kama kaka yake asiye na hatia anahitaji wakili

Wakuu, nimesoma swali la dada yetu wa Igoma na majibu yaliyofuata. Kaka yake ni mtunza stoo kwenye ghala la samaki. Ameshtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi na yuko nje kwa dhamana. Wazee wa ukoo wanasema asipoteze hela kwa wakili: kama hajaiba, ukweli utajitenga na uongo, na tena akisimama na wakili hakimu ataona kuna jambo analificha. Wachangiaji wengi mmewaunga mkono wazee. Mimi napinga, na nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Nauza dagaa Mwaloni, soko la Kirumba hapa Mwanza. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa kibarua kwenye mitumbwi ya dagaa. Alikamatwa akidaiwa kuwa mmoja wa watu waliovamia wavuvi ziwani usiku na kuondoka na injini ya boti. Shtaka likasomwa: unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na ukikutwa na hatia kifungo hakipungui miaka 30. Kijana usiku huo alikuwa msibani Buhongwa, amelala chini ya turubai na wanaume wengine mpaka kulipokucha. Mama mdogo akasema maneno yaleyale ya wazee wako: mwanangu atafika mbele ya hakimu, atasema alikuwa wapi, atarudi nyumbani. Shemeji yetu mmoja ndiye aliyekataa kata kata, ukoo ukachangishana, wakili akapatikana.

Swali la kwanza la wakili lilikuwa kama taarifa ya kutokuwepo eneo la tukio imeshatolewa mahakamani. Hakuna aliyeelewa anaongea nini. Kumbe sheria inataka mshtakiwa anayejitetea kwamba alikuwa mahali pengine atoe taarifa hiyo mapema, na kwa vyovyote kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Ukikaa nalo moyoni ukalitoa siku ya utetezi, mahakama inaweza kuamua isiupe utetezi huo uzito wowote. Msiba mzima ulimwona, na bado ushahidi huo ungeweza kupotea kwa sababu ya kuchelewa kusemwa. Kijana alidhani alishalisema, maana aliwaambia waliomkamata. Kwenye maelezo ya onyo, yale yanayoandikwa polisi na mtuhumiwa kuyatia saini, neno msiba halikuwemo.

Hapo ndipo wazee wanapokosea. Hakimu haruhusiwi kuamua kwa anayoyajua mtaa. Anaamua kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, na kila jambo lina wakati wake wa kuletwa. Mtu mwenye hatia anajua kilichotokea, kwa hiyo anajua pa kujificha. Asiye na hatia hajui chochote kuhusu tukio lenyewe. Anasikiliza mashahidi kama mgeni, hata hajui ni sentensi ipi iliyomfunga.

Nikiwa nasubiri kesi yetu niliona mshtakiwa mwingine asiye na wakili. Shahidi alipomaliza, hakimu akamuuliza kama ana maswali. Akaanza kusimulia kwa uchungu kwamba siku hiyo hakuwa hata na namna ya kufika huko. Akaambiwa, kwa upole kabisa, aulize maswali, utetezi wake bado. Akajaribu tena kusimulia, akakatishwa tena, akasema basi sina swali, akakaa. Baadaye wakili wetu alinieleza uzito wa lile "sina swali". Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba usipomdodosa shahidi kwenye jambo la msingi, kwa kawaida unahesabiwa umelikubali. Yule baba hakukubali chochote. Alikosa tu mtu wa kumgeuzia maneno yake kuwa maswali. Hukumu yake sikuisikia, lakini bado namfikiria.

Sasa upande wetu. Mlalamikaji alisema alimtambua kijana kwa mwanga wa mbalamwezi na taa za kuvulia. Wakili wetu si mtu wa ziwa. Jioni moja alikuja Mwaloni akakaa na vijana, akawauliza dagaa wanavuliwaje hasa, taa zinakaa wapi, nani anakaa wapi mtumbwini. Mahakamani akamuuliza shahidi: usiku wa mbalamwezi kali huwa mnavua dagaa? Hapana, tunavua giza. Usiku ule mlikuwa kazini? Ndiyo. Taa zilikuwa wapi? Kwenye vielea, zinamulika maji. Wavamizi walitokea wapi? Nyuma yetu. Wakawafanya nini? Wakatulaza kifudifudi. Kisha akaomba maelezo ambayo shahidi huyo alitoa polisi mara baada ya tukio, na humo hakuna jina la kijana wala sura yake. Kama ulimtambua, kwa nini hukumtaja siku ileile? Shahidi alinyamaza.

Maswali hayo hayakutoka hewani. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka ushahidi wa utambuzi upimwe kwa mambo kama umbali, muda wa kumwona mtu, hali ya mwanga, na kama shahidi alimfahamu tangu zamani. Hata hivyo hakimu alisema kijana ana kesi ya kujibu, yaani kesi iendelee kwenye utetezi. Wakaja watu wa msibani. Mwisho akaachiwa huru, ila miezi aliyokaa mahabusu hairudi.

Kuhusu hofu ya kuonekana mkosaji: Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike. Upande wa pili una Wakili wa Serikali na mpelelezi, na hakuna anayewaona wana cha kuficha.

Kama hela ni tatizo kweli, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kaka yako anaweza kuieleza mahakama kwamba hana uwezo, na wasaidizi wa kisheria wa eneo lenu watawaelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa. Mkitafuta wa kulipa, hakikisheni jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili kabla ya kutoa hata shilingi, maana vishoka wapo. Na hata wakili halali anaweza kuwa mzembe, mfuatilieni.

Kwa kaka yako sasa hivi, kabla shauri halijatajwa tena: aandike nani wengine walikuwa na funguo za stoo, nani alikuwa zamu, mzigo ulipimwa wapi na nani alisaini daftari la kutoa mali. Kama daftari liko kwa mwajiri, wakili anaweza kuomba mahakama iamuru liletwe. Asiende kumwomba msimamizi nakala kimyakimya, wala asimpigie shahidi yeyote wa upande wa mashtaka, kwa sababu itageuzwa kuwa anavuruga ushahidi na dhamana yake itaingia hatarini. Na kama alisaini maelezo polisi bila kusomewa, amwambie wakili siku ya kwanza. Pingamizi la maelezo hayo hutolewa pale yanapoletwa mahakamani kama kielelezo cha ushahidi, na hakimu atamuuliza papo hapo kama anapinga.