Poda, piko na haraka ya watu wazima

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: wasichana wadogo wanaopambwa, au wanaojipamba, hadi wakaonekana wamezidi umri wao. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Binti yangu wa miaka tisa alitangulia mbele ya bibi harusi katika harusi ya mdogo wangu. Mpambaji alimbandika kope za bandia, akamchonga nyusi na kumpaka lipstiki nyekundu. Wageni walimsifu, lakini mimi nilikosa raha. Je, ni ushamba? (Mama, Morogoro)

Si ushamba, mama. Mtoto anayechukua poda ya mama yake na kujipaka mbele ya kioo anacheza; leo ni bibi harusi, kesho ni daktari, na mchezo ukiisha ananawa uso. Harusini hapakuwa na mchezo. Aliketishwa kitini, akaambiwa atulie, akatengenezwa kwa ajili ya macho ya watu, na nadhani miongoni mwa sifa alizopewa haukukosekana ule utani wa "posa zinaanza lini?" Mtoto hana mizani ya kupimia maneno hayo, anachoondoka nacho ni kwamba siku aliyosifiwa kuliko zote ni siku ambayo sura yake ilifunikwa.

Utani wenyewe si mwepesi. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, vilitamkwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 2016 kuwa ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaishikilia hukumu hiyo mwaka 2019. Wazee wa pwani nao waliyapangia mapambo ngazi zake: kikuba cha asmini kilikuwa cha mke wa mtu, na msichana alikuwa na somo wake wa kumwongoza alipovunja ungo. Siyasifu yote ya unyagoni, maana mengine yaliwaandaa watoto kwa ndoa mapema mno, lakini angalau mtoto na mwari walikuwa na majina mawili tofauti. Safari nyingine zungumza na mpambaji kabla ya siku yenyewe: nywele zisukwe vizuri, uso upakwe mafuta kidogo, basi.

Mjukuu wangu wa miaka sita alichorwa piko siku ya Idi. Siku ya nne mikono ilivimba na kutoa malengelenge yaliyofuata maua yale yale. Mbona sisi tumepaka hina miaka yote? (Bibi, Mombasa)

Shikamoo, bibi. Hina uliyoizoea ni majani ya mhina yaliyosagwa, na rangi yake ni ya machungwa iliyokolea au ya kahawia. Piko ni rangi nyeusi ya nywele, na aghalabu huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi. Madhara yake yanaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, kama ulivyoona, na mwili ukishaikataa mara moja huendelea kuikataa maisha yote, hata atakapotaka kupaka nywele rangi akiwa mtu mzima. Mpelekeni hospitali, msiyapasue malengelenge, na asiguswe tena na piko. Watu huipenda kwa sababu inakolea upesi, ilhali hina inataka saa nyingi, na nyinyi mlilala nayo mikono ikiwa imefungwa vitambaa. Kwa mtoto, usiku ule wa kungoja ndio uliokuwa nusu ya sikukuu.

Shangazi yake binti yangu wa miaka 13 amemletea krimu ya "kutakatisha uso", katika kopo lisilo na nembo. Mama yake anasema ni zawadi tu. (Baba, Mwanza)

Iondoe leo. Krimu za namna hii, ndugu yangu, zimekutwa mara nyingi na zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu, au haidrokwinoni. Zote mbili zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Ila usiitupe kimyakimya. Kutakata ni kuwa safi, kwa hiyo kabla ya krimu kumfikia, binti yako alikuwa ameshaambiwa kwamba weusi wake ni uchafu. Neno hilo halitoki kwa kutupa kopo. Mketi naye, na shangazi awepo.

Nina miaka 14. Kwenye picha natumia filta inayolainisha uso na kujaza midomo. Sasa nikijitazama kwenye kioo najiona mbaya, na rafiki zangu wanasema bila mekapu nafanana na mtoto. (Msichana, Dar es Salaam)

Mwanangu, kufanana na mtu wa miaka 14 wakati una miaka 14 si kasoro. Filta ni programu inayotafuta macho, pua na midomo katika picha, kisha inafuta vinyweleo, inapunguza pua na kukuza macho kwa kipimo kile kile kwa kila mtu. Unajishindanisha na uso ambao hata wenye sifa mtandaoni hawana. Norway, tangu mwaka 2022, inawalazimu watangazaji kuweka alama kwenye picha za matangazo zenye miili iliyorekebishwa. Kwa wiki mbili piga picha bila filta, hata kama hutamtumia mtu. Lipstiki nyepesi siku ya mahafali sikukatazi. Lakini mtu mzima akikuandikia kwamba unaonekana wa miaka 20, usimjibu. Mwonyeshe mama ujumbe huo siku hiyo hiyo.

Shule yetu inakataza vipodozi. Mwenzangu huwafuta wasichana midomo kwa kitambaa kimoja mbele ya paredi. Ni sawa? (Mwalimu, Dodoma)

Hapana, mwalimu. Kitambaa kimoja kinachopita midomo mingi hueneza maradhi, na aibu ya paredi inamfundisha msichana kujipaka akishatoka getini. Kanuni ibaki, ila mwite pembeni, mpe maji na sabuni, kisha umuulize kwa upole nani alimnunulia. Mara nyingi jibu litakuwa ni dada yake. Mara nyingine litakuwa ni mwanamume ambaye shule inapaswa kumjua.