Kale kakitabu kembamba ka katikati, usianze nako kama mimi

Mwaka juzi nilifanya kosa la haraka haraka. Watu walikuwa wananisifia mfululizo wa Rivers of London wa Ben Aaronovitch, polisi kijana wa London anaitwa Peter anajikuta anajifunza uchawi kazini, nikasema ngoja na mimi nionje. Kuingia kwenye app nakuta vitabu vimejipanga, vinene vinene, alafu kuna kamoja kembamba kanaitwa What Abigail Did That Summer. Nikajisemea hako hako, si naonja tu, nikalipia.

Jamani. Ilikuwa kama nimeingia kwenye kikao cha ukoo usio wangu. Kila mtu anamjua kila mtu, wanamtaja Peter ambaye hayupo, yuko Herefordshire huko mashambani, mimi namsubiri aje na haji, kuna mzee anaitwa Nightingale (kumbe ndiye bosi wa Peter anayemfundisha uchawi) kila mtu anamheshimu na sijui kwa nini, binti mwenyewe Abigail anapiga stori na mbweha wanaoongea na wanaojiona majasusi, na hashangai kivile, kwahiyo na mimi nikabaki sijui kama natakiwa nishangae. Nikafika robo nikaacha, na nikazunguka naambia watu hiyo series imekuzwa bure.

Kumbe tatizo mlango niliopitia. Baadaye rafiki akanilazimisha nianze na cha kwanza kabisa, cha 2011, na pale ndio nikanasa, hasa alipotokea Mama Thames, mama wa Kinaijeria ambaye ndiye mwenyewe wa mto Thames, na mabinti zake kila mmoja ana kamto kake. Mtu wa Pwani hapo huhitaji kuelezwa sana, mito kuwa na wenyewe tumesikia toka utoto. Peter mwenyewe mama yake ni wa Sierra Leone, na Abigail ni binamu yake, kabinti ka maswali mengi kanakokuja kidogo kidogo kitabu hadi kitabu. Nikafika cha tano, Foxglove Summer cha 2014, ndicho Peter anaenda Herefordshire kutafuta watoto waliopotea. Nilipofungua tena kile cha Abigail, ambacho kimetoka 2021, nikagundua ni kiangazi kilekile! Huku Peter anahangaika mashambani, huku watoto wengine wanapotea upande wa Hampstead Heath, bustani kubwa ya London, na Abigail anajichunguzia mwenyewe. Nilikimaliza siku mbili. Hata zile tanbihi za profesa mzee anayefafanua maneno ya mtaani ya vijana wa London, mwanzo zilinikera, safari hii nacheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa usinielewe vibaya kwamba riwaya fupi zote za pembeni zisubiri. Mdogo wangu nilimpa The October Man ya 2019 bila kusoma kingine chochote na hakupotea hata kidogo, kwa sababu ile iko Ujerumani, mji wa Trier, polisi ni Tobias Winter, mtu mpya, mji mpya, maiti imeliwa na ukungu ule unaoozesha zabibu, na mashamba ya mvinyo kila kona. Haidai umjue mtu. Kwahiyo mimi siku hizi kabla sijalipia naangalia kwanza nani anasimulia. Kama ni mtu wa ndani ya familia, kamdogo ka fulani, nasubiri mpaka niwe nimeshakutana nae huko kwenye vitabu vikubwa. Kama ni mgeni kabisa, naingia.

Na namba zisikuchanganye. The Furthest Station ilitoka 2017 lakini matukio yake yanakaa kabla ya The Hanging Tree iliyotoka 2016, ndio maana kwenye orodha utakuta imepewa namba za nukta nukta kama mtihani wa hesabu. Ni mizimu inawasumbua abiria wa treni za Metropolitan Line huko London, wanapiga simu polisi kulalamika alafu dakika chache wameshasahau. Tamu sana ila fupi, na hapa ndio nina kinyongo changu, bei. Kurasa hazifiki hata 200 alafu jalada gumu unalipa karibu sawa na kitabu kizima, mimi sinunui jalada gumu, nasubiri ishuke au nasikiliza sauti, maana Kobna Holdbrook-Smith akisoma unasahau foleni ya Ubungo.

Sahivi nina The Masquerades of Spring kwenye simu, ya 2024, Nightingale akiwa kijana New York miaka ya 1920. Anayesimulia ni mgeni, ila anayefuatwa ni wa familia, sasa hapo kanuni yangu imegoma. Yeyote aliyeisoma aniambie, nimebakiza vitabu viwili vikubwa, niingie au nisubiri?