Nimemchoka mhusika wangu, nimuue?

SWALI: Mambo vipi mhariri, naandika hadithi za fantasia na mchawi wangu mkuu sasa yuko kitabu cha saba, kusema kweli nimemchoka, kila nikikaa kuandika anarudia yaleyale, ila wasomaji hawataki kusikia habari ya kumwacha. Nimuue tu yaishe?

JIBU: Poa. Usikimbilie kuua bana, mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mhusika wake, mpelelezi Sherlock Holmes, mwaka 1893 kwa kumchoka hivyohivyo, wasomaji wakaja juu, na 1903 akamrudisha akiwa hai, tena yule hata uchawi hakuwa nao, sasa kwenye dunia yako nani ataamini kafa kweli? Mi naona shida ni kwamba huyo mchawi ameshaweza kila kitu, hana tena cha kupoteza. Mnyang'anye nguvu. Au mzeeshe, mpe mwanafunzi mkorofi, halafu hadithi aisimulie huyo mwanafunzi, utashangaa mzee anavyonoga akitazamwa kwa mbali. Ila kama mwisho wake umeshauona kichwani, uandike sasa hivi uufungie kabatini, mwandishi Agatha Christie alimfanyia hivyo mpelelezi wake Poirot wakati wa Vita Kuu ya Pili, kitabu kikaja kutoka 1975.