Nimebadilisha faili, mbona wateja wanaona ya zamani?

Swali: Orodha ya bei za duka letu, bei.pdf, iko Google Cloud Storage (hifadhi ya faili ya Google mtandaoni), wazi kwa kila mtu. Nimepakia mpya kwa jina lilelile, lakini wateja wananipigia wakitaja bei za asubuhi. Baketi (chombo kinachobeba faili zetu huko) limeharibika?

Jibu: Halijaharibika. Andika `curl -I` na linki yako kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), utaona mstari huu: `Cache-Control: public, max-age=3600`. Ndio mpangilio wa kawaida wa faili ya umma huko, na 3600 ni sekunde, yaani saa nzima. Ndani ya saa hiyo simu ya mteja, hata seva za njiani, zina ruhusa kutoa nakala ziliyoihifadhi bila kuliuliza baketi chochote. Pakia hivi:

`gcloud storage cp --cache-control="no-cache" bei.pdf gs://duka-letu/`

Mambo mawili huwakwaza wengi hapa. Nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazisikii amri mpya. Zitangoja saa yao iishe. Halafu ukipakia tena kesho bila kutaja `--cache-control`, mpangilio unarudi kulekule kwa 3600. Weka amri nzima kwenye skripti, usitegemee kumbukumbu.

Swali: Kwa nini no-cache na si no-store? Si yote yanakataza kuhifadhi?

Jibu: La. `no-cache` inaruhusu kuhifadhi, ila lazima kuuliza kwanza. Faili ikiwa haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma faili yenyewe, na bando la mteja linapona. `no-store` ndiyo inayokataza kabisa. Iwekee faili yenye siri, ingawa yenye siri haikupaswa kuwa wazi tangu mwanzo.

Swali: Sisi tunatumia Amazon S3, hifadhi ya faili ya Amazon. Yanatuhusu?

Jibu: Kwa namna nyingine. S3 haiweki heda hiyo (mstari wa `Cache-Control`) usipoiweka wewe, basi kivinjari hukisia kwa kuangalia `Last-Modified`, yaani tarehe faili ilipobadilishwa mwisho. Kadirio linalotajwa katika RFC 9111 ya 2022 (kanuni za kuhifadhi nakala kwenye wavuti) ni asilimia 10 ya umri wa faili: isiyoguswa siku 100 inaweza kukaa siku 10 kwa mteja. Mimi nisingeacha jambo hilo kwa ramli.

Swali: Nilianika kimakosa orodha ya namba za simu za wateja. Nimeifuta, bado inafunguka!

Jibu: Kufuta baketini hakufuti nakala za nje. Kama mbele kuna CloudFront (huduma ya Amazon inayotunza na kusambaza nakala za faili), agiza ifute nakala zake sasa hivi; njia (anwani za faili) 1,000 za kwanza kila mwezi ni bure. Iliyobaki kwenye kivinjari cha mtu huna mkono nayo, na aliyeipakua anayo. Waambie wateja wenyewe leo.

Swali: Na nembo ya duka?

Jibu: Iwekee `max-age=31536000, immutable` (yaani haibadiliki), mwaka mzima. Ikibadilika, ipe jina jipya: nembo-2.png.